Chupa Tupu Katika Ufuko wa Bagamoyo

Akina mama wenzetu, mnajua jinsi likizo ya Juni inavyokwenda. Wiki ya kwanza watoto wanalala mpaka jua linapanda. Wiki ya pili wanaanza kugombana. Ikifika wiki ya tatu, mama wa nyumba anazihesabu siku za kufungua shule kuliko mwalimu mkuu mwenyewe. Sisi wa kikundi cha akina mama katika usharika wetu jijini Dar es Salaam tulikuwa na mzigo huo kama ninyi, tena tulikuwa na mzigo wa pili. Nyuma ya kanisa yalikuwapo magunia manne ya chupa tupu za maji na soda, masalio ya harusi mbili na mkutano mmoja wa injili. Tangu tarehe 1 Juni 2019, nchi yetu ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki, mifuko imepungua sana mitaani. Lakini chupa hazikuguswa na katazo lile, na kila sherehe inaacha lundo lake.

Mmoja wetu, mwalimu wa shule ya Jumapili, ndiye aliyesema, "Kwa nini tusifunge mizigo yote miwili kamba moja? Tuwachukue watoto, tuzichukue chupa, twende mahali penye nafasi, wajifunze kutengeneza vitu kwa mikono yao." Mahali tulipopachagua ni Bagamoyo, maana usharika wa kule ulikubali kutupa bweni kwa siku tatu, na bahari haina kiingilio.

Tuliondoka alfajiri kwa kosta ya kukodi, watoto 22 na akina mama 7. Wawili kati yetu ni wauguzi, na kwa hiyo sanduku la dawa lilikuwa chini ya miguu yetu kama kawaida. Watoto walikuwa wa miaka 6 hadi 12, ila mmoja. Huyo alikuwa binti wa miaka 4 aliyeng'ang'ania gauni la dada yake mpaka akapakiwa. Mama yake anauza mboga sokoni, na hakuweza kufunga kibanda siku tatu. Alisimama mlangoni mwa gari akatuambia, "Dada zangu, nawaachieni." Tukamjibu asiwe na wasiwasi. Neno hilo tulilisema kwa wepesi mno.

Kutoka Dar es Salaam hadi Bagamoyo ni kilomita zipatazo 70 kuelekea kaskazini. Ukishapita Tegeta na Bunju, nyumba zinaanza kuachana, minazi na miembe inashika nafasi, na kufika Mapinga na Kerege upepo wa kusi unaingia dirishani ukiwa na harufu ya chumvi. Juni ni kipupwe. Jua halichomi sana, na mama unaweza kukaa nje na watoto mchana kutwa bila kuumwa kichwa.

Bagamoyo ni mji wa kutembelewa polepole. Mitaa ya Mji Mkongwe ni myembamba, kuta za mawe ya matumbawe zimeliwa na chumvi, na milango ya kuchongwa bado imesimama mahali ambapo paa lenyewe limekwisha kuanguka. Tuliwapeleka watoto kwenye misheni ya Kikatoliki, iliyoanzishwa na mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu mwaka 1868. Wakauzunguka mbuyu mkubwa uliopandwa mwaka huohuo, wakishikana mikono kuupima. Waliambiwa habari za Chuma na Susi, waliotembea na wenzao kutoka bara wakiubeba mwili wa David Livingstone, hata wakaufikisha hapa Februari 1874. Kijana mmoja akauliza kama walikuwa na maji ya kunywa njiani, na waliyabebea ndani ya nini. Swali zuri, kwa safari yetu hasa. Tukamwambia kuwa zamani hizo maji yalibebwa ndani ya vibuyu na viriba vya ngozi.

Alasiri tulishuka pwani karibu na soko la samaki. Maji yalikuwa yamekupwa, mashua zimelala ubavu juu ya mchanga, akina mama wanakaanga samaki kwenye makarai makubwa na moshi unaelekea barabarani. Na pale, kwenye mstari ambao bahari inaacha mwani na takataka zake, palikuwa na chupa. Kumbe hatukuwa na haja ya kuja na magunia. Kulikuwa na chupa za maji, za soda, za shampuu, nyingine zimevimbiwa mchanga, nyingine zimeota konokono wadogo wa baharini.

Hapo ndipo tulipofanya kosa, na kosa lilikuwa letu wakubwa. Tulitaka kazi iende haraka kabla ya jua kuchwa. Tukapiga makofi, tukatangaza mashindano: atakayeleta chupa nyingi kuliko wote atapewa soda na maandazi mawili. Mpenzi msomaji, ukitaka mtoto asiangalie anachookota, mpe zawadi ya kuokota upesi. Watoto walitawanyika kama kuku waliomwagiwa mtama. Walikwenda mpaka kwenye mashua, wakachungulia chini ya matanga yaliyokunjwa, wakachukua chochote chenye umbo la chupa.

Yule binti mdogo hakuweza kushindana na wakubwa. Aliikuta chupa moja kivulini pa mashua, chupa ya maji ya lita moja yenye kitu cha rangi ya chai hafifu kufika nusu. Alikuwa amekimbia, alikuwa na kiu. Kizibo hakikukazwa. Mama mmoja wa kwetu aligeuka akaiona chupa ikiwa mdomoni, akapiga kelele, akamrukia na kumnyang'anya. Gauni lote likamwagikiwa. Ilikuwa petroli iliyochanganywa na oili, ile inayotiwa kwenye mashine za boti.

Sisi tuliosomea uuguzi tunaijua chupa ya namna hiyo. Katika wodi ya watoto tulimofanya kazi miaka ya nyuma, hapakupita muda mrefu bila kuletwa mtoto aliyekunywa mafuta ya taa kutoka kwenye chupa ya soda. Mama anatumwa mafuta dukani, au anamtuma mtoto, chombo kilichopo ni chupa ya soda, na ikirudi inawekwa chini karibu na jiko kwa sababu ndipo inapohitajika. Mtoto wa miaka miwili hajui kusoma wala kunusa kwanza. Anachojua ni kwamba chupa ya umbo lile ilikuwa tamu Jumapili iliyopita. Tunawakumbuka wawili zaidi ya wengine. Mmoja aliletwa upesi, hajapewa kitu, akakaa nasi siku chache akapona. Wa pili nyumbani walikuwa wamemnywesha maziwa na kumtia kidole kooni ili atapike, kwa upendo kabisa, wakidhani wanamwokoa. Alifika usiku akihema kwa shida. Huyo hatukumrudisha kwa mama yake.

Kwa hiyo tunaomba jambo hili lisomwe mara mbili. Mafuta ya taa na petroli humdhuru mtoto zaidi yakiingia katika mapafu kuliko yakibaki tumboni, na kila akitapika yanapata nafasi nyingine ya kupita njia mbaya. Usimtapishe. Usimnyweshe maziwa, wala mafuta ya kula, wala maji ya chumvi. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa maji na sabuni, futa mdomo, kisha nenda hospitali ukiwa na chupa yenyewe mkononi ili waone alichokunywa. Nenda hata kama anacheka, kwa kuwa kikohozi na kuhema kwa haraka vinaweza kuja baada ya saa kadhaa.

Ndivyo tulivyofanya. Tulimwosha pale pale kwa maji ya kunywa, tukamvika fulana ya kaka mmoja, tukapanda bajaji. Njiani tulimhesabia pumzi kwa saa ya mkononi. Kwa mtoto wa umri wake, pumzi 40 au zaidi kwa dakika ni za haraka, zinatia mashaka. Zake zilikuwa 32, tukahesabu tena, 34, tukahesabu tena. Hospitalini walimpokea vizuri, wakamsikiliza kifua, wakasema akae saa 6 wamwangalie.

Palikuwa na ubishi kidogo kuhusu kumpigia simu mama yake. Wengine wetu walisema tusubiri saa hizo ziishe, tusimtie mwenzetu hofu ya bure akiwa mbali. Lakini tulijiuliza, angekuwa wetu tungetaka kuambiwa lini? Tukapiga. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali moja tu: "Anakohoa?" Tukamwambia hakohoi. Akasema, "Nakuja," akakata.

Alifika na gari la mwisho la jioni, kanga ya sokoni bado kiunoni. Binti alikuwa amelala kitandani, pumzi zake za kawaida, na daktari alikuwa amesema asubuhi anaweza kutoka. Mama alimwinua, akamnusa mdomo, akakaa naye. Kwetu hakusema kitu. Hakutulaumu, na hakutuambia si kitu. Tulikaa naye usiku ule kwenye benchi, na ukimya wake tulistahili.

Bwenini wale wenzetu wengine walikuwa wamewalaza watoto na wanajadili kama turudi nyumbani alfajiri. Magunia yalikuwa yamejaa, na hakuna aliyetaka kuyagusa. Asubuhi, yule mama alipokuja na binti mkononi, ndiye aliyetukata kauli. Alisema, "Kwangu mafuta ya taa yamo kwenye chupa ya maji, ileile. Mkirudi leo, watoto watakuwa wamejifunza nini? Kwamba chupa inatisha. Wafundisheni ipi ya kushika." Akasema atabaki nasi mpaka mwisho, kibanda amekiacha kwa jirani.

Basi tulianza upya, na safari hii bila mashindano. Watoto walikaa mbali, sisi akina mama tukamwaga magunia yote uwanjani na kuzifungua chupa moja moja. Iliyokuwa na harufu yoyote ya mafuta, ya dawa ya wadudu, ya dawa ya mifugo au ya kuoshea choo, ilitengwa. Iliyokuwa na kimiminika tusichokijua ilitengwa bila kunuswa. Za vioo zote zilitengwa. Zilizobaki, za maji na soda ambazo tulijua kwa macho yetu zilikotoka, zilioshwa kwa maji ya moto kiasi na sabuni, zikaanikwa. Katika zile za ufukweni hatukubakiza hata moja kwa ajili ya watoto. Tuliwapa vijana wanaookota makopo ya kuuza kwa kilo, tukiwaonyesha zile za hatari. Ilituchukua asubuhi nzima. Ni kazi ya kuchosha, lakini ukitaka kufanya kazi za chupa na wanao nyumbani, hii ndiyo nusu ya kazi, na ni ya mama, si ya mtoto.

Wakati chupa zinakauka tuliwapeleka Kaole, mwendo mfupi kusini ya mji, kwenye magofu ya msikiti wa karne ya 13 na makaburi ya kale. Lipo pale kaburi lenye nguzo ndefu, nayo zamani ilipambwa kwa vibakuli vilivyosafiri kutoka China. Mtunza magofu aliwaeleza watoto jinsi vyombo vile vilivyoletwa na majahazi kwa pepo za msimu. Vilikuwa vyombo vya watu wa mbali, wakaviona vizuri, wakavipachika ukutani. Yule kijana wa maswali akamwuliza kama hata chupa zetu zitakaa miaka mingi hivyo. Mtunza magofu akacheka, akasema zitakaa, taabu ni kwamba hakuna atakayependa kuzipachika kaburini kwake.

Sasa tuje kwenye kazi zenyewe.

Tulianza na mashua, kwa kuwa bahari ilikuwa mbele yetu. Mpango wetu ulikuwa rahisi: chupa ya nusu lita ilazwe, juu yake kitobolewe kitundu kwa msumari wa moto, mlingoti wa kijiti cha mshikaki uingizwe, na tanga liwe kipande cha kanga kuukuu. Kutoboa tulitoboa sisi. Msumari wa moto si wa mkono wa mtoto. Watoto wakazipeleka kwenye vidimbwi vilivyoachwa na maji kupwa. Zote zikapinduka. Mlingoti ukawa chini, tumbo la chupa juu, na vicheko vya watoto wa wavuvi vikasikika mpaka sokoni.

Karibu yetu babu mmoja fundi wa mashua alikuwa akiziba nyufa za chombo chake kwa pamba na mafuta. Alituangalia kwa muda, kisha akatua nyundo.

"Shikamoo, babu," watoto wakasema.

"Marahaba, wajukuu zangu. Chombo chenu hakina farumi."

Hakuna hata mmoja wetu, na sisi ni watu wazima, aliyelijua neno hilo. Farumi ni uzito unaowekwa chini ya chombo, mawe au mchanga, ili kisimame wima upepo ukilikamata tanga. Watoto wakatia mchanga. Mashua za mchanga zikaenda vizuri mpaka wimbi la kwanza, kisha mchanga wote ukakimbilia mbele, pua ikazama, chombo kikasimama kichwa chini kama bata. Babu alikuwa analijua hilo na alingoja makusudi walione wenyewe. "Mchanga unatembea," akasema. "Au mtie mawe myafunge yasitembee, au mfanye ngalawa."

Ngalawa haitegemei farumi sana. Ina matengo, zile mbao mbili za pembeni zinazoelea na kukishika chombo kisipinduke. Babu alituonyesha kwa vijiti. Unalaza vijiti viwili imara kukatisha juu ya chupa, mbele na nyuma, unavifunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, na kwenye ncha zake, kila upande, unafunga kipande kirefu kilichokatwa kwenye ndala iliyochakaa. Ndala inaelea vizuri sana. Ngalawa ya kwanza ilipotiwa majini, kusi iliishika, ikakata kidimbwi chote bila kuyumba, na kijana wetu wa maswali akaingia maji mpaka magotini kuifukuza. Watoto wa wavuvi waliacha kucheka wakaomba chupa. Tuliwapa. Babu akatuambia kuwa yeye utotoni alitengeneza chombo chake kwa karara la mnazi, ambalo Mungu amekwisha kulichonga kama mashua, na kwamba karara likioza hakuna anayelikuta ufukweni mwaka wa pili. Aliyasema haya akiwa amekwisha kurudi kwenye pamba yake.

Gari la chupa halina maelezo mengi, wanao wanalijua kuliko wewe: vizibo vinne vilivyotobolewa katikati, vijiti viwili kuwa ekseli, basi. Angalia vizibo tu. Mtoto wa chini ya miaka 3 hutia kila kitu mdomoni, na kizibo kinatosha kabisa kuziba koo. Nyumba yenye mtoto anayetambaa, gari hili lichezewe nje na kuhesabiwa magurudumu jioni. Vivyo hivyo kayamba la chupa yenye kokoto au mahindi. Ni zuri kwa kwaya ya watoto, lakini kizibo kikazwe na mtu mzima na kuzungushiwa gundi.

Pangaboi la upepo lilipendwa na wasichana. Kata chupa katikati, chukua nusu ya juu yenye kizibo. Ukuta wake upasue kwa mkasi kuwa mapanga manane mpaka karibu na bega, kisha yakunje yote kwa nje na uyapinde kidogo upande mmoja. Toboa kizibo, pitisha waya, tia ushanga mmoja kati ya kizibo na kijiti ili lizunguke bila kukwama. Kingo za plastiki iliyokatwa ni kali kama wembe, na tulifunga vidole viwili siku hiyo. Dawa yake ni pasi. Gusisha kingo kwa sekunde moja tu juu ya pasi ya moto iliyofunikwa kwa karatasi ya fedha, nazo zinajikunja na kuwa laini. Fanya hivyo mahali penye hewa, na usithubutu kuichomea chupa kwenye moto wa jiko, moshi wake ni mbaya.

Vikopo vya kuoteshea mchicha walitengeneza pia kwa nusu za chini zilizobaki. Jambo moja tu hapo: toboa matundu chini. Chupa iliyokatwa na kuachwa uani ikijaa mvua ni nyumba ya mbu wa dengi, ambao hupenda maji kidogo yaliyotulia karibu na watu. Dar es Salaam tuliona taabu ya ugonjwa huo mwaka 2014 na tena 2019.

Siku ya tatu tuliiweka kwa kibuyu chirizi, na hapo yule mama wa sokoni ndiye aliyekuwa mwalimu, maana shuleni kwa watoto wake aliwahi kukiona. Kikubwa kinatengenezwa kwa dumu la lita 5: miti miwili yenye panda inasimikwa, mti wa tatu unalazwa juu yake, dumu linaning'inizwa likiwa na tundu karibu na shingo, na kamba inashuka hadi kijiti cha kukanyagia. Ukikanyaga, dumu linainama na maji yanachirizika, wala hukishiki chombo kwa mikono michafu. Chini yake unamwaga kokoto pasiwe na tope. Tulikijenga kimoja karibu na choo cha bweni, tukawaachia wenyeji wetu kuwa asante.

Lakini kilichowashangaza watoto ni kidogo, cha chupa ya lita moja na nusu. Karibu na kitako unatoboa tundu moja dogo, la msumari mwembamba. Unaziba tundu kwa kidole, unajaza maji, unakaza kizibo, unatoa kidole. Maji hayatoki. Ukilegeza kizibo, yanatoka uzi mwembamba. Ukikikaza, yanakata. Hewa isipopata njia ya kuingia juu, maji hayana njia ya kutoka chini. Watoto walilegeza na kukaza, walikaza na kulegeza, mpaka ndoo nzima ya maji ikaisha bila mkono hata mmoja kuoshwa. Tukawaacha. Sabuni tuliitia kwenye kipande cha wavu wa samaki tulichopewa ufukweni, ikaning'inizwa pembeni, na baada ya hapo tukawafundisha kusugua: viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, chini ya kucha.

Mwenye ile chupa ya petroli alitufuata siku hiyohiyo. Ni kijana wa umri wa wanetu wakubwa. Alikuwa amesikia habari na hakulala. Alisema, "Mama zangu, nisameheni, niliiweka kivulini tu isipate jua." Tukamwambia kuwa watoto wetu ndio waliokwenda kwenye chombo chake bila ruhusa, na sisi ndio tuliowatuma. Mama wa binti alimtazama, akamwambia, "Mwanangu, kanunue dumu la rangi, ulifunge juu kwenye mlingoti." Akapewa ngalawa moja ya chupa awapelekee wadogo zake.

Tulirudi Dar es Salaam jioni hiyo na mananasi ya Kiwangwa chini ya viti, pamoja na gunia moja la vitu vilivyotengenezwa, vingine vimekwisha kuvunjika kabla ya kufika Bunju. Binti alilala mapajani pa mama yake njia nzima. Magunia ya nyuma ya kanisa hayakuisha, tusidanganyane. Tulitumia chupa zisizozidi 100, na nyingine zilikwenda kwa waokota makopo.

Agosti tulipita kumtembelea yule mama nyumbani kwake, akatukaribisha ugali na dagaa. Mafuta ya taa yalikuwa ndani ya dumu dogo jekundu, juu kabisa kwenye kenchi, limefungwa kitambaa shingoni. Mlangoni ilining'inia chupa ya lita moja na nusu, imechakaa kidogo, na sabuni yake kwenye wavu. Binti alituwekea beseni chini, akapanda juu ya kigoda, akakishika kizibo kwa mikono miwili na kutuuliza kama tuko tayari. Kisha akalegeza.